Historia isiyo ya kukariri: Familia ya Nzuguni inavyosoma na kubishana nyumbani

Dodoma. Mtoto akikosa shule kwa wiki mbili au tatu, wazazi wengi hukimbilia hesabu. Baada ya hesabu huja Kiingereza, kisha sayansi. Daftari la historia hubaki chini ya begi mpaka siku ya kurudi darasani, na hapo mtoto hunakili notisi za mwenzake usiku kucha, akikariri miaka atakayoisahau kabla mtihani haujasahihishwa.

Katika nyumba moja ya Nzuguni, mashariki mwa Jiji la Dodoma, mpangilio huo umegeuzwa. Kijana wa miaka 14 aliyeko kidato cha kwanza anaishi na selimundu, ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe nyekundu za damu zijikunje mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Mwaka huu amekosa shule mara tatu, mara ya mwisho karibu mwezi mzima. Mama yake, anayeuza nafaka katika Soko la Job Ndugai, aliishia darasa la saba. Majina yao yamehifadhiwa kulinda faragha ya mtoto.

“Hesabu zao siziwezi, na zimeandikwa kwa Kiingereza,” anasema mama huyo. “Nilifungua madaftari yake moja baada ya jingine. La historia ndilo nililolielewa.”

Hilo lina sababu yake. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, na somo hilo hufundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Limejadiliwa sana kwa upande wa uzalendo. Jambo ambalo halijasemwa vya kutosha ni kwamba limemfungulia mlango mzazi ambaye, mtoto akishavuka kidato cha kwanza, hubaki akiuliza tu, “Umemaliza homuweki?” bila kujua homuweki yenyewe inahusu nini.

Ieleweke kwamba hapa hazungumziwi mtoto wa kuondolewa shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi wa mtoto wa shule ya msingi amwandikishe na ahakikishe anahudhuria, na kusomea nyumbani moja kwa moja si njia iliyozoeleka nchini. Kijana huyu ameandikishwa shule yake na atarudi. Kinachozungumziwa ni wiki zile za katikati, ambazo katika nyumba nyingi zenye mtoto mgonjwa hupita mbele ya televisheni.

Swali la babu

Jaribio la kwanza lilishindwa. Mama alichukua kitabu cha kiada, akakaa kando ya kitanda na kuanza kusoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza. Siku ya tatu kijana alilala katikati ya aya. Siku ya nne aliyesinzia alikuwa mama mwenyewe.

Aliyebadilisha mambo ni babu, baba mzazi wa mama huyo, aliyekuja kutoka Chamwino kwa ajili ya kliniki ya macho. Jioni moja alimuuliza mjukuu wake kama anajua kwa nini mji huu unaitwa Dodoma.

“Tembo alizama kwenye matope, babu. Watu wakasema idodomya, yaani amezama.”

“Hiyo ya tembo naijua. Na ya ng’ombe unaijua?”

Kijana hakuijua. Babu akamsimulia kuwa Wagogo waliwachukua ng’ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala, kisha wakachomeka mikia yao kwenye matope. Wenye mali walipofika kudai, wakaonyeshwa mikia na kuambiwa kwamba mifugo imedidimia. Binti wa darasa la nne, mdogo wake kijana, akacheka mpaka akapaliwa. Kijana hakucheka. Alitaka kujua ipi ni ya kweli, na babu yake anajuaje.

Ubishi uliendelea mpaka ugali ukapoa. Masimulizi yote mawili yameandikwa na wanaoieleza historia ya mji, na hakuna shahidi wa kuyaamua. Swali hilo halina jibu la kutiwa alama ya vema, na pengine ndiyo maana kesho yake kijana aliomba kaunta buku mpya akayaandika yote mawili, kila moja ukurasa wake.

Kutokana na jioni hiyo mama alipata kanuni ambayo anasema hakuisoma popote: waanze na swali, kitabu kije baadaye, na kwa kila swali zitafutwe simulizi mbili zisizokubaliana. Walipanga wiki 12, maswali sita, kila swali wiki mbili. Hukutana jioni tatu kwa wiki, dakika 40 kila mara, na jioni ya mwisho ya kila swali ni ya mazungumzo matupu bila kitabu. Nyuma ya kaunta buku, kijana ameandika mambo matatu ambayo kila simulizi huulizwa: nani anasema, alikuwepo, na anapata nini tukimwamini.

Hongo ilikuwa nini?

Swali la pili lilitokana na neno. Kijana alikuwa akisoma kuhusu misafara ya biashara ya karne ya 19 akakuta kwamba watemi wa Ugogo walitoza hongo. Kwa mtoto wa leo hongo ni rushwa, basi. Aliuliza kama mababu zake walikuwa wala rushwa.

Hapo palihitaji ramani, na walichora yao nyuma ya kalenda ya zamani. Njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, kisha ikaingia Ugogo. Msafara wa mamia ya wapagazi, waliobeba vitambaa, shanga na nyaya wakienda bara na pembe za ndovu wakirudi pwani, ulifika ukiwa na kiu. Maji yalikuwa ya watu, kwa sababu wao ndio waliochimba visima. Mtemi alidai malipo kabla msafara haujanywa na kupita, na malipo hayo yaliitwa hongo. Wazungu waliopita, akina Richard Burton na John Speke mwaka 1857 na Henry Stanley mwaka 1871, waliacha maandishi yenye malalamiko mengi juu ya kudaiwa huko.

Ndipo yale mambo matatu ya nyuma ya daftari yakafanya kazi. Anayelalamika ni nani? Msafiri aliyetakiwa kulipa. Mtemi yeye hakuacha kitabu. Mama, ambaye kila siku hulipa ushuru wa meza sokoni, alimtetea mtemi kwa ukali uliowashangaza watoto. Kijana akamuuliza kama mgambo wa soko naye akimwomba “ya maji” ni hongo ya zamani au ya siku hizi. Walikaa na swali hilo jioni nzima, na kitabu hakikufunguliwa.

Somo kama hili halina gharama, na ndipo historia inapoyashinda masomo mengine nyumbani. Kemia inataka maabara. Kwa historia, nyumba ya kawaida ya Dodoma ina maneno, majina ya mitaa, wazee na reli. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikakosa kazi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imefika pia. Mtoto anayesikia honi anaweza kuulizwa nani alipoteza riziki reli ya kwanza ilipofika, kisha aulizwe habari za madereva wa mabasi wa stendi kuu ya Nzuguni leo.

Mwaka wa njaa

Swali la tatu lilikuwa zito, na mama alisita kuliruhusu.

Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa ambayo wenyeji waliiita Mtunya. Mvua zilikosekana, lakini mvua peke yake haielezi vifo vyake. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inapiganwa katika ardhi hii, na majeshi, kwanza ya Wajerumani halafu ya Waingereza, yalichukua ng’ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulipokuja ulikuta maghala na mazizi yameshatupwa. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba watu wapatao 30,000 walikufa katika eneo lililokuwa na watu 150,000 hivi. Na njaa ikiwa haijaisha, mafua makali yaliyoizunguka dunia mwaka 1918 yakafika Afrika Mashariki.

Mama aliogopa kumsomea mtoto mgonjwa habari za vifo. Babu alikuwa na mawazo mengine. Mama yake mzazi alizaliwa karibu na miaka hiyo, na hakuwahi kuhesabu umri wake kwa kalenda. Alihesabu kwa njaa. Babu alisimulia aliyoyasikia kwake: mizizi iliyochimbwa porini, na nyumba zilizobaki wazi kwa sababu hakukuwa na wa kufunga mlango. Alisimulia kwa sauti ile ile anayotumia kueleza bei ya mtama. Binti mdogo aliuliza kama yule bibi alipona. “Asingepona, ungekuwepo wewe?” babu alijibu.

Huenda hofu ya mama ni ya wazazi wengi, na kwa kiasi fulani ina haki. Si kila kisa kinafaa kila umri. Lakini mtoto aliyelazwa wodini anajua tayari kwamba watu hufa. Ambacho hapati nafasi nacho ni kulizungumza hilo na watu wake, bila kunong’onezana, na kisa cha miaka mia moja iliyopita humpa nafasi hiyo kwa umbali unaovumilika.

Katika wiki hizo walikutana pia na Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1917 upande wa Ihumwa, jirani na Nzuguni. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954. Kijana alikuwa anamjua Mnyampala kama jina la kwenye ngonjera tu. Kusikia kwamba mtu wa Ihumwa aliandika historia kulimfanya aulize kama inaruhusiwa.

Vitabu viwili kwa wakati mmoja

Kwa swali la nne, lililohusu utumwa, walihitaji vitabu. Hapa ndipo mpango wa simulizi mbili unapong’ara, kwa kuwa Kiswahili kina utajiri ambao wazazi wengi hawaujui. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. James Mbotela, ambaye wazee wake walikuwa miongoni mwa watumwa waliokombolewa na kukaa Freretown, Mombasa, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Ukimsoma mmoja peke yake unabaki na nusu. Ukiwaweka pamoja, sehemu fupi ya huyu leo na ya yule kesho, mtoto hujionea kwamba msafara huo huo una sura mbili. Na hata Mbotela anafaa kuulizwa: anawashukuru Waingereza sana, na aliandika chini ya utawala wao.

Swali la tano lilikuwa Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907, na badala ya kusoma waliigiza. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ni nyembamba na inasomeka kwa jioni chache. Kila mtu alipewa wahusika, na babu alikataa kuwa askari. Mjadala ulihusu kiongozi aliyewapa watu maji ya kuwalinda na risasi: afanye nini akianza kuyatilia shaka?

Katikati ya mjadala kijana alinyamaza, kisha akauliza, “Mama, na yale maji tuliyonunua mwaka juzi?”

Mwaka juzi, kama familia nyingi zenye mtoto wa selimundu, waliuziwa chupa za maji zilizodaiwa kuuondoa ugonjwa moja kwa moja. Kwa wiki kadhaa vidonge viliachwa, na mtoto akaishia wodini. Tangu hapo jambo hilo halikuwahi kutajwa ndani ya nyumba. Mama anasema alijibu kwa kifupi kuwa aliamini kwa sababu alikuwa amechoka kumwona akilia usiku. Kijana akasema basi hata watu wa Kinjeketile walikuwa wamechoka, na akaomba waendelee kusoma.

Historia ya ugonjwa wenyewe

Mzazi mwenye mtoto mwenye maradhi ya kudumu ana swali moja tayari mkononi: ugonjwa huu umetoka wapi? Familia hii inapanga kuutumia mjadala huo mhula ujao, na una vya kutosha.

Mwaka 1910, mwaka ule ule reli ilipofika Dodoma, daktari James Herrick wa Chicago nchini Marekani alichapisha maelezo ya chembe za damu zilizojikunja alizoziona kwa Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada. Ugonjwa ulikuwepo Afrika karne nyingi kabla ya hapo, ila haukuwa umeandikwa kitabibu kwa jina hilo. Miaka ya 1949 hadi 1954, Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki na kuonyesha kwamba vinasaba vya selimundu vimeenea zaidi penye malaria nyingi, pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kuliko nyanda za juu. Aliyerithi kinasaba kimoja hupata kinga dhidi ya malaria kali; aliyerithi viwili, kutoka kwa baba na mama, ndiye anayeugua. Na mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya hapa hapa Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu.

Mtoto akiisoma habari hiyo kwa mtiririko huo, ni vigumu kumshawishi tena kwamba amerogwa na jirani. Pia anajua kwamba hakuna mzazi mmoja wa kulaumiwa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa.

Mwili kwanza

Kusoma na mtoto wa selimundu kuna masharti yake. Baridi, uchovu na kupungukiwa maji mwilini huweza kuamsha maumivu, na usiku wa Dodoma wa Juni na Julai una upepo usio na mzaha. Kwa hiyo darasa la Nzuguni hufanyika ndani, kijana akiwa na soksi na shuka, na chupa ya maji mezani: kila sura inaposomwa, kikombe kimoja. Siku ya maumivu hakuna somo wala deni la somo. Akitaka asomewe kisa, anasomewa, lakini haulizwi kitu. Homa, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au macho kugeuka manjano ghafla ni mambo ya kwenda hospitali mara moja. Dawa za kila siku na tarehe za kliniki haziahirishwi kwa ajili ya mtihani wowote.

Vitabu vyenyewe havikuwagharimu sana. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na vinasomeka kwa simu. Vya fasihi waliazima au kununua vilivyotumika, na kurasa chache walitoa kopi. Maktaba ya mkoa ipo mjini, ingawa kutoka Nzuguni ni nauli ya kwenda na kurudi, na kwa mama mwenye meza ya nafaka hiyo ni nusu siku imepotea. Ziara ya michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, imebaki kuwa ndoto mpaka daktari atakaporuhusu safari ndefu.

Mpango huu una upungufu, na mama hauoni aibu kuutaja. Kijana amebaki nyuma katika hesabu, na kwa hilo analipa mwanafunzi wa chuo anayekuja Jumamosi. Mwalimu wake wa historia, aliyetumiwa picha za kaunta buku kwa WhatsApp, alifurahia hoja zake lakini akaonya kuwa mtihani bado utamtaka miaka na majina. Sasa jioni moja kati ya tatu huanza na dakika kumi za kupanga matukio yaliyoandikwa kwenye vipande vya karatasi, na binti wa darasa la nne humshinda kaka yake mara nyingi kuliko anavyotaka yeye.

Swali la sita lilimwangukia binti huyo. Wakubwa walidhani atachagua habari za makao makuu: uamuzi wa TANU wa mwaka 1973, miaka mingi ya kusubiri, Serikali kutangaza kuhamia mwaka 2016 na sheria ya mwaka 2018. Yeye aliuliza Nzuguni palikuwa na nini kabla ya uwanja wa Nanenane, soko na stendi. Hakuna kitabu nyumbani chenye jibu. Wameandika orodha ya watu wanne wa kuwauliza, wote wakazi wa zamani, na maswali saba. Wa kwanza, bibi anayeuza ubuyu karibu na stendi, amekubali waende Jumamosi, mradi wafike kabla jua halijawa kali na wasije na mambo ya kumrekodi kwenye simu.